Anayejizuia na Asiyetamani: Swali Moja Katika Historia ya Elimu ya Tabia

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.



Jumuiya imenitaka nizungumze usiku huu, baada ya tarawehe, juu ya historia ya elimu ya tabia, ile ambayo wanavyuoni waliiita ilmul akhlaq. Mada ni pana na usiku wa Ramadhani ni mfupi. Miongoni mwenu wamo wenye zamu za alfajiri. Kwa hiyo nitashika swali moja tu, nilifuate kutoka Athens mpaka Baghdad, kutoka Baghdad mpaka Tus, na kutoka huko mpaka Misri.

Swali ni hili. Tuchukue watu wawili waliofunga leo. Mmoja amekaa na wenzake kazini, yakapita mazungumzo ya mtu asiyempenda, ulimi ukamwasha, naye akajizuia, akayameza maneno yake kama anayemeza shubiri. Wa pili alikaa meza ile ile, akayasikia mazungumzo yale yale, wala hakuona hamu yoyote ya kutia neno. Wote wawili hawakusengenya. Nani mbora?

Mwenye haraka atasema ni wa kwanza, kwa kuwa ametaabika, na ujira hufuata taabu. Mwenzake atasema ni wa pili, kwa kuwa moyo wake umesafika. Watu wenye akili kubwa walilizungumza jambo hili kwa muda wa miaka 1,500 hivi, Wayunani, Waislamu, Wakristo na Mayahudi, tena mara nyingi wakisomana vitabu. Na jibu lake lina uzito kwetu sisi, maana kwa jibu hilo ndipo tutakapojua mwezi huu umetufanya nini.

Nianze na maneno, kwa kuwa maneno yamebeba nusu ya kisa. Fadhila tunaijua kwa maana mbili: wema anaotendewa mtu, na ubora wa kitu, kama tusemapo fadhila za mwezi wa Ramadhani. Wanafalsafa walioandika kwa Kiarabu walilichukua neno hili kwa maana iliyo jirani na hiyo ya pili. Kila kitu kina kazi yake, na fadhila yake ni kule kuifanya kazi hiyo vyema: ya kisu ni kukata, ya jicho ni kuona, na ya mtu ni ile hali ya nafsi inayomwezesha kuishi kama inavyompasa binadamu kuishi.

Neno tabia nalo lina kisa chake. Katika Kiarabu, asili yake ni maumbile, yaani kile ambacho kitu kimeumbwa nacho: moto kuunguza, jiwe kuanguka. Na khuluq, ambalo sisi tumelifanya hulka, ndilo jina la mwenendo uliokaa ndani ya nafsi. Yalipoingia katika lugha yetu, maneno haya ni kama yaliyobadilishana viti. Mswahili akisema "hiyo ndiyo hulka yake", anakusudia kwamba mtu kazaliwa hivyo na hapana la kufanya. Akisema "mtoto huyu ana tabia mbaya", anakusudia kwamba yuko mtu aliyeacha kumfunza. Mabadilishano haya hunifurahisha kila ninapoyakumbuka, kwa kuwa mpaka baina ya kile alichozaliwa nacho mtu na kile alichojizoeza ndio uliokuwa kiini cha mjadala wote ninaokusimulieni.

Socrates wa Athens, aliyehukumiwa kunywa sumu mwaka 399 kabla ya Masihi, alishikilia kwamba fadhila ni elimu. Hakuna atendaye uovu huku akijua kweli kwamba ni uovu, aliyekosea hakujua. Ni fikra tukufu, lakini mzazi yeyote aliyelea kijana wa miaka kumi na mitano anajua kwamba haitoshi. Mwanafunzi wake, Plato, aliiona dosari hiyo, akasema nafsi ina sehemu tatu: ya akili, ya ghadhabu na ya matamanio. Kutokana na sehemu hizo alipata fadhila nne ambazo vitabu vya akhlaq vya Kiislamu vimezibeba mpaka leo: hekima kwa akili, ushujaa kwa ghadhabu, iffa, yaani usafi na kiasi, kwa matamanio, na uadilifu pale ambapo kila sehemu inakaa mahali pake.

Aliyelifanya jambo hili kuwa elimu kamili ni Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Masihi. Kitabu chake cha maadili, kinachojulikana kwa jina la Nikomakhos, kina sehemu kumi. Humo anaanza na jambo ambalo Mswahili hahitaji kushawishiwa. Anaonyesha kwamba katika Kiyunani neno la tabia na neno la mazoea yanakaribia kuwa neno moja. Sisi tunasema zoea, mazoea, mazoezi. Mzizi mmoja unatupa kile tunachokifanya kwa kujitahidi na kile tunachokifanya bila ya kufikiri. Jiwe, anasema, hata ulirushe juu mara elfu kumi halitajifunza kupanda, kwa sababu kushuka ni maumbile yake. Binadamu siye jiwe. Mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga, mpiga zeze kwa kupiga zeze, na mwadilifu kwa kutenda uadilifu. Fadhila haimo ndani yetu kwa maumbile wala haiko kinyume cha maumbile. Tumeumbwa tukiwa tayari kuipokea, na mazoea ndiyo yanayoikamilisha.

Akasema pia kwamba kila fadhila ya tabia imekaa kati ya maovu mawili, moja la kuzidi na moja la kupungua. Ukarimu uko kati ya israfu na ubakhili. Ushujaa kati ya woga na kujitia hatarini ovyo. Waislamu waliposoma haya hawakuona mageni, kwa kuwa Suratul Furqan inawasifu waja wa Mwingi wa Rehema kwamba wakitoa hawafanyi israfu wala hawafanyi uchoyo, bali hushika kati ya hayo mawili. Lakini kati ya Aristotle si nusu kwa nusu ya dukani. Mfano wake ni wa chakula, kwa hiyo unatufaa wakati huu: ikiwa kipimo cha kumi ni kingi na cha mbili ni kichache, mwalimu wa wanamieleka hatampa kila mtu sita, kwani sita ni kichache kwa Milo, pahalawani maarufu wa zama hizo, na ni kingi kwa anayeanza mazoezi leo. Kati hupimwa kwa mtu na hali yake, na anayeijua ni mwenye busara.

Sasa tulifikie swali letu. Aristotle anawapanga watu katika safu. Juu kabisa yuko mwenye fadhila, ambaye anatenda wema na kuufurahia. Chini yake yuko mwenye kujizuia: matamanio yanamvuta upande mmoja, akili inamvuta upande wa pili, na akili inashinda. Chini yake yuko asiyeweza kujizuia, anayejua lililo sawa na akashindwa nalo. Mwisho kabisa ni mwovu, ambaye hana tena ugomvi wowote ndani yake, kwa kuwa ameshakubaliana na uovu wake. Kwa hiyo jibu la Aristotle liko wazi: yule wa pili mezani, asiyeona hamu ya kusengenya, ndiye mbora. Anayejiepusha na anasa huku akiona uchungu, mazoea yake bado hayajakomaa. Furaha na uchungu ndivyo vipimo vya kujua tabia imefika wapi.

Jibu hili lilisafiri. Katika karne ya 9, Baghdad ya Bani Abbas ilipokuwa ikilipa wafasiri ili wavilete vitabu vya Wayunani katika Kiarabu, kitabu hicho nacho kilifasiriwa. Tafsiri yake kwa kawaida hunasibishwa na Ishaq bin Hunayn, na nakala yake ilipatikana Fes, nchini Moroko, katika karne iliyopita. Kulikuwa na kitabu kingine cha tabia kilichosomwa sana na Waislamu, cha tabibu Galen, ambaye Waarabu walimwita Jalinus. Asili yake ya Kiyunani imepotea, ukabaki muhtasari wa Kiarabu tu. Lau si wanavyuoni wa Baghdad, leo tusingekuwa nacho hata kidogo. Galen, kama alivyo tabibu, aliwatazama watoto wachanga wasiofunzwa lolote, akaona mmoja mwenye haya na mwingine asiye na haya, mmoja mpole na mwingine mkali, akahitimisha kwamba wako waliozaliwa wema, wako waliozaliwa waovu, na wako walio baina ya hao, na hao wa kati ndio wanaofunzika.

Nadhani wengi wetu kwa siri tuko upande wa Galen. Tuna methali isemayo la kuvunda halina ubani, na tunaitoa upesi, hasa tunapozungumzia watoto wa wenzetu.

Aliyempinga ni mtu ambaye ningependa jina lake lijulikane zaidi katika madarasa yetu: Abu Ali Miskawayh, aliyezaliwa Rayy, karibu na Tehran ya leo, na kufariki mwaka 421 wa Hijria, sawa na 1030. Alikuwa mkutubi wa waziri Ibn al-Amid, na aliandika historia kubwa ya mataifa. Lakini kitabu chake kilichodumu zaidi ni Tahdhib al-Akhlaq, yaani kuzitakasa tabia. Hoja yake dhidi ya Galen ni fupi. Kilicho cha maumbile hakibadiliki. Tabia tunaziona zikibadilika. Basi tabia si maumbile. Na lau zingekuwa maumbile, malezi yote yangekuwa upuuzi, na sheria na mawaidha yasingekuwa na maana yoyote.

Jambo linalonivuta kwa Miskawayh ni kwamba hakuandika kama mtu aliyekwisha kufika. Anasema katika kitabu chake kwamba yeye mwenyewe alianza kujiachisha mazoea yake akiwa ameshakuwa mtu mzima, mazoea yameshaota mizizi, na kazi ilikuwa nzito. Basi anamwandikia kijana ili aanze mapema kuliko alivyoanza yeye. Liko pia agano aliloliandika na nafsi yake, likahifadhiwa na waliokuja baadaye, akijiahidi kuishi kwa iffa, ushujaa na hekima. Mwandishi wa zama zake, Abu Hayyan al-Tawhidi, alimsema vibaya: kwamba ni bakhili, na kwamba anapoteza umri wake akihangaika kugeuza madini kuwa dhahabu. Sisi tumefunga, hatutaliingilia hilo. Ila tazameni jambo moja: Tawhidi huyo huyo alimpelekea Miskawayh maswali mengi ya elimu, na Miskawayh akayajibu, majibu yakawa kitabu kizima. Kama maneno yale yalimfikia, basi yalimkuta ana subira.

Miskawayh aliichukua kutoka kwa Galen maana ya khuluq: ni hali ya nafsi inayoisukuma kutenda bila ya kufikiri na kupima. Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kufariki huko huko mwaka 1111, aliipokea maana hiyo na kuitia katika Ihya Ulumuddin, akiitengeneza vizuri zaidi: hali iliyojikita ndani ya nafsi, ambayo vitendo hutoka kwayo kwa wepesi bila ya haja ya kufikiri. Na anaitumia kwa ukali. Anayetoa mali mara moja kwa jambo lililomzukia, hatumwiti karimu. Na anayejilazimisha kutoa, au anayenyamaza wakati wa hasira kwa jitihada na kwa kujipigia hesabu, huyo bado hatumwiti karimu wala mpole. Tabia bado haijajikita.

Pengine mtu atauliza: shekhe mkubwa kama Ghazali, aliyeandika kitabu kizima cha kuwapinga wanafalsafa, vipi anachukua maneno ya Galen na Aristotle? Mwenyewe alilijibu swali hilo katika kitabu alichosimulia safari ya maisha yake, al-Munqidh. Alisema kwamba mwenye akili huipima kauli yenyewe, hamtazami aliyeisema. Asali haiharibiki kwa kuwa imewekwa katika chombo cha hijama, ila mjinga ndiye anayeona kinyaa, kwa kuwa anakijua chombo kwa kazi yake ya damu. Na aliongeza dai lake kwamba hao wanafalsafa nao, katika mambo ya tabia, walichota kwa wacha-Mungu wa zama zao. Dai hilo kihistoria ni gumu kulithibitisha. Mfano wa asali unatosha.

Ghazali alikuwa na haki ya kuzungumza juu ya kubadilika. Mwaka 1091 alipewa kiti cha ualimu katika Madrasa Nidhamiyya ya Baghdad, cheo ambacho hakikuwa na mfano. Mwaka 1095 ulimi wake ulifungika asiweze kusomesha, akayaacha yote akaondoka. Anapowajibu wanaosema tabia haibadiliki, anajibu kama mtu aliyejaribu. Mwewe wa porini anafunzwa akarudi mkononi. Mbwa anafunzwa akaacha kula alichowinda. Farasi mkaidi anafunzwa akawa mtiifu. Itakuwaje basi mwanadamu ndiye asiyefunzika? Kisha anatoa mfano ambao jamaa zetu wa Oman watauelewa kuliko mimi: kokwa ya tende si mtende wala si mtufaha, lakini imeumbwa kwa namna ambayo ikitunzwa huwa mtende. Mtufaha haitakuwa kamwe. Hivyo hasira na matamanio hatutaweza kuvingʼoa kabisa, wala hatukuamrishwa kuvingʼoa, maana bila ya matamanio mtu angekufa njaa, na bila ya hasira asingejilinda. Tunachotakiwa ni kuvifuga. Akili ni mwindaji, matamanio ni farasi wake, na hasira ni mbwa wake. Mwindaji anawahitaji wote wawili, mradi wao ndio wamfuate yeye.

Na njia ya kufuga? Atakaye kuwa mwandishi wa hati nzuri hana njia ila kuuiga mkono wa bingwa, siku baada ya siku, kwa kujilazimisha, mpaka ule uzuri wa hati uingie nafsini mwake na utoke wenyewe. Mwanzo ni taklifu, mwisho ni maumbile. Kila kitendo cha kiungo huacha athari moyoni, na moyo ulioathirika hukisukuma kiungo kutenda tena, ni duara. Kwa hiyo kwa Ghazali yule mtu wa kwanza mezani, anayemeza maneno yake, hajafika, lakini yuko njiani, na hakuna njia nyingine. Hakusahau kutaja kwamba wako waliopewa ukamilifu huo tangu kuzaliwa kwa ukarimu wa Mwenyezi Mungu, kama Nabii Isa na Nabii Yahya (a.s.). Sisi wengine ni watu wa mazoezi.

Hapa ndipo funga inapoingia, na Ghazali hana huruma nasi. Anauliza: kuna faida gani kuchelewesha chakula cha mchana kisha ukavikusanya vyakula viwili usiku, tena vizuri kuliko vya miezi mingine? Roho ya funga ni kuzidhoofisha zile nguvu ambazo shetani huzitumia. Aliyasema haya miaka zaidi ya 900 iliyopita, kabla hajaziona sambusa na kalimati zetu. Sisemi zisipikwe. Nasema tu kwamba mazoezi yana kanuni zake, na anayebeba chuma mchana akakitua usiku kwa kula mara mbili, misuli yake haitakua.

Lakini bado kuna jambo linatusumbua. Ikiwa mbora ni asiyetamani, basi aliyefunga akaona kiu mpaka midomo ikamkauka ni duni kuliko yule ambaye hakuona kiu? Hapana Mwislamu atakayelikubali hilo. Na tuna hadithi katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Bi Aisha (r.a.), kwamba msomaji mahiri wa Qurʼani yuko pamoja na malaika waandishi watukufu, na anayesoma kwa kukwama na kwa taabu ana ujira mara mbili. Yaani taabu ina ujira wake. Je, wanafalsafa wamekosea?

Aliyelifungua fundo hili vizuri zaidi, kwa maoni yangu, hakuwa Mwislamu. Ni Musa bin Maimun, Yahudi wa Kordoba, aliyekulia chini ya utawala wa Waislamu, akaandika vitabu vyake vingi kwa Kiarabu, akawa tabibu wa watawala wa Misri, na akafariki huko mwaka 1204. Alimsoma sana al-Farabi, mwanafalsafa wetu aliyefariki mwaka 950. Katika sura nane alizoziweka kuwa utangulizi wa tafsiri yake ya mawaidha ya wahenga wa Kiyahudi, sura ya sita aliihusisha na swali letu hasa. Wanafalsafa, anasema, wanamtukuza asiyetamani ovu. Wahenga wetu wanasema ujira ni kwa kadiri ya taabu. Nao hawapingani, kwa sababu hawazungumzi juu ya kitu kimoja. Yako mambo ambayo watu wote wanayajua kuwa ni maovu: kuua, kuiba, kudanganya, kumdhuru asiye na kosa. Anayetamani haya ana upungufu katika nafsi, hata akijizuia. Na yako mambo ambayo lau si sheria yasingekuwa na ubaya wowote, kama chakula fulani kilichokatazwa. Katika haya, mtu asiseme kwamba hakitamani. Aseme anakitamani, ila Mola wake amemkataza. Hapo kutamani si aibu, na kujizuia ndiyo ibada yenyewe.

Tuipeleke tofauti hiyo kwenye siku moja ya Ramadhani, tutaona kwamba tunafunga funga mbili kwa wakati mmoja. Maji si maovu. Ni neema, na baada ya adhana ya magharibi ni sunna kuyaharakia. Kiu ya saa kumi za jioni haina dosari, na asiyeisikia hana ubora juu ya anayeisikia, tumewekewa tuisikie. Kiu hii haitakiwi iondoke. Hata mcha-Mungu wa miaka themanini aliyefunga Ramadhani sitini na tano ataona kiu, na ujira wake umo humo. Lakini Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba asiyeacha maneno ya uwongo na kuyatenda, Mwenyezi Mungu hana haja ya kuacha kwake chakula na kinywaji. Hii ndiyo funga ya pili, na hii inakwenda kinyume: hamu yake inatakiwa ife. Mwenye kuona kiu ile ile ya kusengenya mwaka huu kama aliyoiona miaka ishirini iliyopita, funga yake ya kwanza inaweza kuwa imesihi kwa masharti yote ya fiqhi, lakini katika hii ya pili bado yuko darasa la kwanza.

Na hadithi ya msomaji inakaa mahali pake bila taabu. Wanavyuoni walioisherehesha, kama Imamu Nawawi, wameeleza kwamba ujira mara mbili haumaanishi kuwa anayekwama amemshinda mahiri. Wa kwanza anafarijiwa asiuache msahafu. Wa pili tayari yuko pamoja na malaika. Na huyo mahiri naye alikwama siku zake.

Katika Ulaya ya Wakristo elimu hii ilifika kwa njia ile ile. Ibn Rushd wa Kordoba alimaliza sherehe yake ya kitabu cha Aristotle mwaka 1177. Matini yake ya Kiarabu imepotea isipokuwa vipande, lakini ilifasiriwa kwa Kilatini mjini Toledo mwaka 1240, na Thomas Aquinas na wenzake wakajenga juu ya msingi huo. Huko sitaingia, saa inakwenda.

Nimebakiza jambo moja linalotuhusu sisi tulio ugenini. Mazoezi haya hufanywa wapi, na pamoja na nani? Ibn Bajja wa Saragossa, aliyeishi Andalusi na kufia Fes katika karne ya 12, aliandika kitabu juu ya mwenendo wa mtu mpweke, yaani mwenye fikra sahihi aliyejikuta katika mji usioshika fadhila. Ushauri wake ni kwamba ajitenge na watu kadiri awezavyo, asichanganyike nao ila kwa dharura, au ahamie penye elimu. Naye alijua kwamba huku ni kwenda kinyume na maumbile ya binadamu. Akasema ni kama afyuni, ambayo kwa mwili mzima ni sumu na kwa mwili mgonjwa huenda ikawa dawa. Ninawajua watu wengi miongoni mwetu wanaoishi hivyo bila ya kumsoma Ibn Bajja: nyumba, kazi, nyumba, na mapazia yamefungwa, kwa hofu ya watoto kupotea. Hofu yao ninaielewa. Lakini afyuni haiwi chakula cha kila siku.

Miskawayh alilikataa jambo hili karne moja kabla. Anayekimbilia pangoni, alisema, hawezi kuitwa mwenye iffa wala karimu wala mwadilifu, kwa kuwa hana pa kuzionyesha fadhila hizo. Hafanyi uovu kama vile maiti asivyofanya uovu. Neno insan, kwa maoni yake, limetoka kwenye uns, yaani kuzoeana na kuliwazana, na si kwenye nisyan, kusahau, kama walivyodai baadhi ya watu. Na hapo ndipo anapoitazama sheria yetu kwa jicho la kupendeza mno: sala tano kwa jamaa ili watu wa mtaa mmoja wakutane kila siku, Ijumaa ili mji mzima ukutane kila wiki, Idi mbili ili watu wa mji na wa vijiji vyake wakutane uwanjani kila mwaka, na Hija ili watu wa ardhi yote wakutane japo mara moja katika umri. Kwake yeye, uns ambayo tumeumbwa nayo imewekewa ratiba.

Kwa hiyo yule mtu wetu wa kwanza, mwenye ulimi uliomwasha, hakuweza kufanya zoezi lake la leo kwa kubaki chumbani. Alihitaji ile meza, na wale wenzake, na hata yale mazungumzo mabaya. Na jumuiya kama hii, pamoja na ugomvi wake wa hesabu za ada na wa nani apike nini siku ya Idi, inampa meza ya aina nyingine, ambapo mkubwa wake akitia neno la kumsitiri aliyesemwa, yeye anayejizuia kwa taabu anauona mkono wa bingwa na kuuiga.

Nakomea hapa ili maswali yapate nafasi kabla mama zetu hawajaondoka. Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu. Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.